"Jambo Bwana" ni Wimbo Wenye Mwenyewe

Ni nadra siku hizi kwa mgeni kufika katika pwani yetu akaondoka bila kuimbiwa "Jambo Bwana". Huimbwa na bendi za mahotelini Mombasa na Malindi, huimbwa Unguja, na wapagazi wa Mlima Kilimanjaro huwaimbia watalii wanaopanda nao. Wimbo huu umeimbwa kwa miaka mingi na na watu wengi mno, hata wananchi wengi, na baadhi ya watendaji wa Serikali pia, wakaudhania kuwa ni wa jadi, usio na mtunzi, mithili ya nyimbo za kutwangia au za kuvutia nyavu.

Dhana hiyo ni potofu, na madhara yake hayaishii kwa mtunzi mmoja wa Mombasa. Yanamfikia mpiga ngoma wa kata ya Marui hapa Kisarawe, na yanamfikia kijana wa Mafia anayetunga wimbo leo na kuusikia kesho kutwa ukiimbwa na asiyemjua. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuieleza historia ya wimbo huu, kisha tuseme ni wajibu gani unaowakabili wananchi wa visiwani na viongozi wa mkoa wetu.

Bendi ya ndugu wa Mombasa

Wimbo ulitungwa na Teddy Kalanda Harrison, wa bendi iliyoitwa Them Mushrooms, jina ambalo kwa Kiswahili ni uyoga. Bendi hiyo ilikuwa ya ndugu wa tumbo moja, wakiwamo Billy Sarro na John Katana. Ilijulikana kwa jina hilo tangu mwaka 1972, na kabla ya hapo iliitwa Avenida Success. Ilikuwa bendi ya vijana wa mjini wenye magitaa ya umeme, waliosikiliza muziki wa Ulaya na Marekani, wakapenda rege ya Jamaika, na hapohapo wakawa hawajaitupa chakacha ya kwao. Walitafuta riziki katika mahoteli ya watalii ya pwani ya Mombasa.

Kazi ya bendi ya hoteli ina masharti yake. Wasikilizaji hubadilika kila wiki. Hawajui lugha, hawajui nyimbo za nchi, na wengi wao wanataka warudi kwao na maneno machache ya kuwaonyesha jamaa zao. Teddy Kalanda alilitazama hitaji hilo akalitungia wimbo. Maneno yake ni ya mazungumzo ya mlangoni: salamu, kuulizana hali, kumkaribisha mgeni na kumtoa wasiwasi.

Santuri ilitoka mwaka 1982, na kati ya mwaka huo na 1987 ziliuzwa nakala zaidi ya 200,000. Ili msomaji apate kipimo, Kenya kwa hesabu ya watu ya mwaka 1979 ilikuwa na wakazi milioni 15 hivi, na walio wengi hawakuwa na gramafoni. Bendi ikatunukiwa santuri ya platinamu. Mwaka 1987 ikahamia Nairobi, ikaendelea kufanya kazi na wakongwe kama Fundi Konde, na baadaye ikajulikana pia kwa jina la Uyoga. Hata hivyo, hakuna wimbo wake mwingine uliosafiri mbali kama huu wa mwanzo.

Wimbo uliovuka mpaka

Wasomaji wenye umri wetu watakumbuka hali ya Afrika Mashariki katika miaka ile. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mwaka huohuo mpaka baina ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena mpaka Novemba 1983. Kwa hiyo "Jambo Bwana" ulizaliwa wakati ambapo basi halikuweza kutoka Mombasa likaja Tanga. Tangu mpaka ulipofunguliwa, na Zanzibar nayo ilipofungua milango ya utalii katika miaka ya 1980, wimbo huu wa hotelini ulipata uwanja mpya wa visiwa na fukwe zetu.

Ulaya ulikuwa umekwisha kufika. Mwaka 1983 kundi la Boney M., lililokuwa na makao yake Ujerumani Magharibi chini ya mtayarishaji Frank Farian, lilitoa wimbo kwa jina la "Jambo – Hakuna Matata", likachanganya na Kiingereza. Huku kwetu Mombasa Roots na Safari Sound Band nao wakaurekodi kwa namna zao. Baada ya hapo haikuwezekana tena kuwahesabu walioimba. Kila aliyeuchukua alibadili kidogo: palipotajwa Kenya pakatajwa Zanzibar, au Tanzania, au Kilimanjaro. Jina la wimbo lenyewe likabadilika, huku "Jambo Jambo", huku "Hakuna Matata". Na kila ulipobadilishwa, jina la Teddy Kalanda liliachwa nyuma hatua moja zaidi.

Salamu iliyofanywa wimbo

Wapo wataalamu wa lugha, na wazee wetu wa pwani, wasioupenda wimbo huu. Husema kwamba Mswahili hasalimu kwa kusema "jambo" peke yake. Husema "hujambo", naye mwenzake huitika "sijambo". Maana yake ni kwamba huna jambo, yaani hukupatwa na lolote lililo baya. Neno likikatwa kichwa, salamu hupotea, hubaki jambo tupu. Tena mtu wa huku kwetu angesema "hakuna tabu" au "hakuna shida" kabla ya kusema "hakuna matata", ijapokuwa matata nalo ni neno la Kiswahili safi. Na mbele ya mkubwa hatuanzi kwa "jambo" wala "hujambo". Tunaanza kwa shikamoo, au kwa salamu ya dini.

Hoja hizo ni za haki, nasi tunaziunga mkono pale inapohusu kuwafundisha watoto wetu lugha. Lakini hazimpunguzii mtunzi stahili yake. Yeye hakukusudia kumfundisha sarufi mtoto wa Mombasa. Alikusudia mgeni aliyeshuka katika ndege asubuhi aweze kuimba jioni. Kwa hiyo alichagua maneno mafupi, akayafuatanisha kama watu wawili wanaoamkiana, akayarudia, na akayapa sauti isiyopanda sana wala kushuka sana, ili asiyejua kuimba naye aimbe. Mwalimu yeyote aliyewahi kumfundisha mtu mzima kusoma katika kisomo cha ngumbaru anajua jinsi ilivyo kazi kulifanya somo liwe jepesi kiasi hicho.

Wepesi huo ndio uliowadanganya watu. Kitu kikiwa rahisi kukishika, watu hudhani hakikutengenezwa, kilikuwapo tu. Lakini tangu lini msusi mzuri wa mkeka akanyimwa ujira kwa sababu mkeka wake unakalika vizuri?

Mfano wa Afrika Kusini

Mambo haya hayakuanzia Mombasa. Mwaka 1939 mjini Johannesburg, Mzulu aitwaye Solomon Linda, aliyekuwa akifanya kazi ya kufungasha santuri katika kampuni ya Gallo, aliimba na kundi lake la Evening Birds wimbo alioutunga, "Mbube", yaani simba. Haki za wimbo huo zikachukuliwa na kampuni kwa shilingi kumi. Ukavuka bahari, ukapewa maneno ya Kiingereza na jina la "The Lion Sleeps Tonight", ukaingiza mali nyingi kwa watu wengine. Solomon Linda alifariki mwaka 1962 akiwa fukara. Warithi wake walikwenda mahakamani mwaka 2004 kuishitaki kampuni ya Disney, iliyoutumia wimbo huo katika filamu yake ya "The Lion King" ya mwaka 1994, na mwaka 2006 wakapata suluhu ya kulipwa. Yalikuwa yamepita miaka 67 tangu wimbo urekodiwe.

Filamu hiyohiyo ina wimbo mwingine uitwao "Hakuna Matata", uliotungwa na Elton John na Tim Rice. Huo ni wimbo tofauti na ule wa Mombasa. Lakini kampuni ya Disney iliomba msemo huo wa Kiswahili uandikishwe Marekani kuwa alama yake ya biashara katika nguo, ikakubaliwa mwaka 2003. Mwaka 2018 watu wengi wa Afrika Mashariki na kwingineko walitia saini zao kulalamika. Tuliwaunga mkono, maana lugha ya watu milioni nyingi haiwi chapa ya fulana ya kampuni moja. Lakini katika kelele zile wengi walitetea maneno mawili ambayo ni ya watu wote, na hawakumtaja hata kidogo Mwafrika aliyeyatia maneno hayo katika wimbo wake miaka kumi na miwili kabla ya filamu.

Hapa petu tunao mfano wa "Malaika". Wimbo huo ulienezwa na Fadhili William wa Kenya, ukaimbwa na Miriam Makeba, na Boney M. nao wakautoa mwaka 1981. Mtanzania Adam Salim alidai kuwa ni yeye aliyeutunga katika miaka ya 1940. Madai ya nani hasa mwenyewe yakaendelea miaka mingi, huku ukiimbwa dunia nzima. Laiti ungaliandikishwa siku ya kwanza, ubishi huo usingalikuwapo.

Kumtaja mtunzi ni desturi yetu

Husemwa mara nyingi kuwa hakimiliki ni jambo la Kizungu lililoletwa na sheria za kikoloni, na kwamba Mwafrika aliimba kwa ushirika bila kumwuliza mtu. Kauli hiyo ina ukweli nusu tu. Ngoma nyingi kweli ni za jamii nzima. Lakini sisi tuliopitia chuoni kabla ya kwenda shule ya Serikali tulifunzwa mapema kwamba maneno yana mwenyewe. Maulidi yanayosomwa Mafia na Marui kila mwaka tunayaita Barzanji, na Barzanji ni jina la mtunzi wake wa Madina aliyeishi zaidi ya miaka 250 iliyopita. Hakuna aliyethubutu kulifuta. Washairi wetu nao walikuwa na kawaida ya kujitaja mwishoni mwa utenzi, pamoja na mwaka. Mwana Kupona binti Msham wa Pate alifanya hivyo katika utenzi aliomwachia binti yake mwaka 1858, miaka mingi kabla Wajerumani na Waingereza hawajagawana pwani hii.

Chama nacho kilitufunza jambo hilohilo kwa lugha ya siasa. Imani ya TANU, iliyomo katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, inatamka kuwa kila mtu anastahili kupata malipo ya haki kwa kazi yake. Azimio halikusema kwamba kazi ni jembe peke yake. Na Mwalimu Nyerere, alipohutubia Bunge Desemba 1962 na kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua kucheza rumba na "rock and roll" kuliko ngoma za wazee wetu. Vijana wa Mombasa waliyajibu masikitiko hayo kwa njia yao: walilichukua gitaa la umeme la mgeni, wakamwimbia mgeni huyo kwa Kiswahili.

Sheria inasema nini

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki namba 7 ya mwaka 1999, iliyoanzisha COSOTA, inatambua haki mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mtunzi wa maneno na sauti. Ya pili ni ya wale wanaoimba, wanaopiga na wanaorekodi. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hesabu hiyo, hata kama mtunzi wa wimbo uliotoka 1982 angalifariki mwaka uleule, wimbo ungalikuwa na mwenyewe hadi mwaka 2032. Zanzibar nayo ina sheria yake, namba 14 ya mwaka 2003, na chombo chake ni COSOZA. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliifanya COSOTA kuwa ofisi ya usimamizi, na yakafungua njia kwa vyama vya wenye haki kukusanya na kugawa mirabaha wenyewe.

Wapo wanaouliza: mtunzi huyu ni Mkenya, sisi yatuhusu nini? Jibu limo katika Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994. Kwa mkataba huo wimbo wa Mkenya una ulinzi hapa sawasawa na wa kwetu, na wa kwetu una ulinzi Nairobi, London na Berlin. Tukimdhulumu wa Mombasa, hatutakuwa na uso wa kumdai yeyote atakayemdhulumu wa Mafia.

Wapo pia wanaosema kwamba kuwadai mirabaha vijana wanaoimba mahotelini ni kuwaonea maskini. Hapa pana kutoelewa. Anayepaswa kukata leseni ni mwenye ukumbi au hoteli, yeye anayeuza kitanda na chakula kwa msaada wa muziki huo. Kijana mwenye gitaa ni mfanyakazi wake, naye ana haki ya ujira wake. Unyonyaji uliopo ni wa tajiri anayetoza wageni kwa fedha za kigeni, kisha akamlipa mwimbaji nauli, na mtunzi asimlipe hata senti moja.

Marui na Mafia

Sisi wa Marui tunaijua vyema hali ya mzalishaji asiyetajwa. Mkaa wetu na mihogo yetu huenda Dar es Salaam, na anayenunua mjini haulizi ulitoka kwa nani. Kwa muhogo pengine hakuna hasara kubwa, maana umeuzwa, umekwisha. Wimbo ni zao la aina nyingine. Hauishi kwa kuliwa. Huvunwa upya kila usiku unapoimbwa, na kila mavuno yana fungu la mwenyewe.

Wilaya ya Kisarawe ina mdundiko na mkole, ina wazee wanaojua ni nani aliyetunga wimbo upi na ulichezwa mara ya kwanza katika harusi au unyago gani. Mafia ina kasida na ngoma zake. Nyimbo hizi sasa hurekodiwa kwa simu ya mkononi na kurushwa duniani kabla ngoma haijavunjika. Sheria ya 1999 inazilinda pia sanaa za jadi, na Baraza la Sanaa la Taifa limepewa dhamana juu yake. Lakini hakuna baraza linaloweza kulinda kisichoandikwa popote. Wazee wenyewe wanatutoka mmoja mmoja, na kila anayekwenda huenda na majina.

Mkoa wa Pwani una bahati isiyo ya mikoa yote. Chuo cha sanaa kilichoanzishwa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kiko ndani ya mipaka yetu. Tunao Maafisa Utamaduni katika halmashauri. Tunao watendaji wa kata na vijiji, na kila mmoja ana daftari.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kata, kuanzia Marui, ifungue orodha ya watunzi na nyimbo zao, wa zamani na wa sasa, pamoja na majina ya mashahidi, na nakala ipelekwe kwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Pili, Taasisi ya Bagamoyo iombwe kutuma wanafunzi wake vijijini na visiwani wakarekodi nyimbo hizo kwa ridhaa ya wenyewe na kwa kuwataja. Tatu, halmashauri ya Mafia, inapokagua leseni za mahoteli ya Kilindoni na Utende, iulize pia leseni ya muziki, na iwatake wenye hoteli waweke mezani kikaratasi chenye majina ya nyimbo zinazoimbwa na watunzi wake. Mgeni akiimbiwa "Jambo Bwana", asome hapo kuwa umetungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, Mombasa, na chini yake asome jina la mtunzi wa Mafia.

Jambo la tatu halihitaji fedha wala sheria mpya. Wageni wanaokuja Mafia kuwatazama papa potwe huanza kufika mwezi Oktoba. Tunawaomba viongozi wa wilaya wakutane na wenye mahoteli kabla ya mwezi huo, na watangaze gazetini waliyokubaliana, ili wananchi wapate kuyafuatilia.